Salamu Katikati ya Sinema

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kwenye geti la mzee Kinyanjui, nje kidogo ya mji wa Kajiado, nimevaa suti ya kuazima, flashi mfukoni, na mbwa wa mzee ameuma mguu wa suruali na hataki kuuachia. Wengi mmenisimamisha njiani mkitaka kujua kama suruali ilipona. Haikupona. Lakini kwa yaliyonipata ndani ya nyumba ile, suruali ilikuwa shida ndogo mpaka mwenyewe alipokuja kuidai.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, karibu, umechelewa kidogo lakini mabaya hayajaisha. Jina langu ni Sydney Wakhungu, mtu wa Bungoma. Kazi ya kiwandani ilinileta Kitengela kisha ikaniacha hapo hapo, nami nikafungua duka la sinema Noonkopir. Unakuja na flashi yako, nakuwekea sinema mpya za wiki, unarudi kwako kutazama miguu ikiwa juu ya meza. Ciku, anayeuza dawa kwenye chemist ya mtaa wa pili, aliingia siku moja akitaka kitu cha kumchekesha mama yake. Nikamchagulia. Akarudi akasema mama amecheka. Akarudi tena, na tena, mpaka siku moja akaja bila flashi.

Baba yake alipoambiwa kuna kijana, aliuliza kijana huyo anafanya kazi gani. Ciku akamwambia anauza sinema. Mzee Kinyanjui, aliyeanza kwa kuuza viazi kwa debe mpaka akawa mfanyabiashara wa ng'ombe anayejulikana soko zima la Bisil, akasema hiyo si kazi, hiyo ni tabia.

"Mwambie aje Jumapili tukitoka kanisani, na aje na sinema," akasema. "Kama ni kazi, tuione ikifanyika."

Nikifaulu, mlango wa posa unafunguliwa. Nikishindwa, nisahau njia ya kwao.

Watu hudhani kazi yangu ni kubonyeza kompyuta. Kazi yangu ni kusoma watu. Mteja akiingia simuulizi anataka sinema gani, maana hajui. Namuuliza wiki imekwendaje. Nesi anayetoka zamu hataki kuona damu tena, kwa hiyo namwekea harusi za watu. Vijana wa bodaboda wanataka magari yalipuke mapema, kabla mteja hajapiga simu. Kuna mama mmoja wa Embulbul, jirani ya dada yangu, huja mpaka Noonkopir kutafuta sinema ya kumliza. Anasema akilia kwa ajili ya mtu asiyemjua, shida zake zinapungua. Hao wote nimewahudumia na wakarudi kushukuru.

Lakini kuwachagulia wakwe ni mtihani usiofundishwa popote. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawapeani mkono. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akimwona mkwewe kwa mbali, anaingia shamba la mahindi la watu anajificha mpaka apite. Sasa mimi nikae sebuleni na mama Ciku, halafu kwenye televisheni watu waanze kubusiana? Mnajua vile inavyokuwa nyumbani. Baba anakohoa, mama anakumbuka sufuria jikoni, watoto wanahesabu mbao za dari, na rimoti haionekani.

Basi nikakaa dukani nikaanza kuchambua kila kilichotoka mwezi ule. Nikashika ya vita, nzuri kabisa, mpaka akaingia binti wa jenerali kumfunga askari bendeji, nami kwa uzoefu wangu nikajua bendeji ile inaelekea wapi. Nikashika ya mawakili, ikawa ni ya talaka. Nikashika ya kanisa, mchungaji akatoroka na sadaka, na mzee Kinyanjui ndiye mweka hazina wa kanisa lao. Nikakimbilia katuni. Hata kwenye katuni, vyura wawili waliinuka wakatafutana midomo.

Mwishowe nikaipata. Ilikuwa imetoka wiki ile ile, ya nchi moja ya baridi. Mzee mjane anatembea na ng'ombe wake mmoja, anavuka mlima wa theluji kwenda sokoni. Hakuna mwanamke. Mwishoni mzee anambusu ng'ombe kwenye paji la uso, nikakata shauri kwamba hilo hakuna mkwe atakalolalamikia.

Tatizo likawa lugha. Ilikuwa ya kizungu cha huko mbali, maandishi yanakimbia chini ya picha, na mama Ciku hasomi haraka. Hapo nikamkumbuka DJ Kakuta. Huyu ni kijana wa Kitengela anayetafsiri sinema: anakaa na kipaza sauti, sinema inakwenda, naye anaisimulia juu ya sauti za wenyewe kwa Kiswahili chetu, anawapa wazungu majina ya hapa, anawatania, anawatetea. Mlima wa theluji kwake ni Ngong, soko ni Bisil. Kila wiki huniletea kazi zake mpya dukani, na hii ya ng'ombe alikuwa ameshaitafsiri. Nikasema Mungu wa Bungoma hajalala.

Sasa sikilizeni kosa langu. Sinema mpya huwa nazikagua sauti ikiwa imezimwa, kwa sababu spika ya dukani inapiga nyimbo za kuita wateja. Kwa hiyo niliitazama yote, nikaikimbiza mbele na nyuma, nikilinda midomo. Sikuona mdomo ukikaribia mdomo. Macho yangu yalifanya kazi yake vizuri sana. Masikio sikuyapa kazi yoyote.

Ndiyo hivyo, Jumapili ikafika, mbwa akala suruali, na mimi nikakaribishwa ndani nikiwa nimefunika goti kwa kofia.

Sebuleni nilimkuta mzee Kinyanjui kwenye kiti chake, mama Ciku, anayeitwa Mugure, karibu na chupa ya chai, na mzee wa Kimaasai mwenye shuka jekundu na fimbo nyembamba. Huyo alikuwa mzee Lesiamon, jirani, mshirika wa mzee Kinyanjui katika ng'ombe. Nikamwamkia "supai," akaniitikia "ipa," akanitazama goti, akawa mpole asiulize. Nilichagua kiti cha mbali kabisa na mama mkwe. Mama mwenyewe akainuka, akaja kukaa karibu nami ili aone televisheni vizuri. Nikamwomba bibi yangu msamaha kimoyomoyo.

"Haya, mtu wa kazi," mzee Kinyanjui akasema. "Kwa nini umetuchagulia hii na si ingine?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwamba nilisikia katika nyumba hii ng'ombe ndiye amesomesha watoto, na kwamba mtu akipumzika Jumapili anapenda kuona kazi yake ikiheshimiwa. Mzee aliketi vizuri zaidi. Mama Mugure akamnong'oneza Lesiamon kwamba kijana huyu si mjinga.

Sinema ikaanza, na kwa kitambo kile nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kajiado. Kakuta alikuwa moto. Alimwita yule mzee wa theluji "mzee wa Oloitokitok," akamwonya asipite njia ya mkato maana kuna fisi wa serikali. Mama Mugure alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Mzee Kinyanjui alianza kubishana na televisheni kuhusu mwendo wa ng'ombe. Ni Ciku peke yake aliyekuwa hatulii. Tangu sauti ya Kakuta iingie alikuwa akinikodolea macho kutoka mlango wa jikoni, anayazungusha, anatikisa kichwa. Mimi nikadhani ni mapenzi, nikamrudishia kwa kukonyeza.

Mzee wa theluji akafika mtoni. Ng'ombe akakataa kuvuka. Kwa kuwa hapo hakuna mazungumzo, Kakuta akatumia nafasi hiyo kwa jambo ambalo hawa madijei hufanya daima, nami kwa kukagua bila sauti sikulisikia. Akatuma salamu.

"Ng'ombe akifikiria, wacha nisalimie watu wangu," sauti ikanguruma. "Sydney wa movie shop, Noonkopir, nakuona. Na Nanjala wa Embulbul, mama Junior, nakuona. Sydney, chunga huyo mama na mtoto vizuri. Hiyo ni baraka."

Mzee Kinyanjui akachukua rimoti. Ng'ombe akabaki ameganda mtoni, mguu mmoja juu.

"Sydney wa Noonkopir," mzee akasema polepole. "Kuna Sydney wangapi na movie shop Noonkopir?"

Nikasema ni mimi. Nikasema pia, haraka haraka, kwamba Nanjala ni dada yangu, tumbo moja, yeye ndiye hunisaidia dukani Jumamosi, na Junior ni mpwa wangu ambaye baba yake ni dereva aliyekwenda Juba akapotelea huko. Ciku akatoka mlangoni akaniunga mkono. Akasema anamjua Nanjala na ni dada kweli.

"Ulimwona kwa kitambulisho, ama uliambiwa?" mama yake akauliza. "Kila mwanaume ako na dada wa hivyo."

Nikasema basi tumpigie. Mzee akaniamuru niweke simu yangu mezani, nisije nikamtumia ujumbe wa kumpanga. Mama Mugure akachukua simu yake mwenyewe, nikamsomea namba, akaweka sauti ya nje. Moyo wangu ulikuwa umetulia. Ukweli ni ukweli, nilijiambia, na dada yangu hawezi kunikana.

"Halo," mama Mugure akasema. "Nataka kujua, wewe ni nani wa Sydney?"

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka Mbeke, yule mwenye hoteli ya chapati aliyenitaka kwa nguvu mpaka akawa ananipigia simu kwa namba mpya kila asubuhi. Na mnakumbuka ni nani aliyenisaidia kumfukuza, na kwa njia gani. Mimi pale sebuleni nililikumbuka hilo pia, lakini nililikumbuka sekunde moja baada ya kuchelewa.

"Mimi ndiye bibi yake," Nanjala akajibu kwa sauti kavu. "Bibi wa ndoa. Na wewe, mama, tafuta wako. Ukipiga tena nakuja hapo kwako na mtoto mgongoni." Akakata, na mama Mugure alipojaribu tena akaambiwa mteja hapatikani.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilieleza habari za Mbeke, jinsi dada alivyojifanya mke wangu ili kumfukuza, na kwamba sasa amedhani namba hii ngeni ni ya Mbeke, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama, maana sasa kulikuwa na mwanamke wa tatu kwenye hadithi. Ciku naye akaanza kunitazama kwa lile jicho analoitazamia karatasi ya dawa ya daktari wa uongo. Hilo jicho liliniuma kuliko meno ya mbwa. Nilimpenda yule msichana, bado nampenda, na nilimwona akiondoka kwangu akiwa amesimama pale pale.

"Chukua sinema yako," mzee akaniambia, na hakuwa na hasira, jambo lililokuwa baya zaidi. "Ni nzuri. Kazi unaijua. Ni nyumba ndio huijui."

Mtu anayezama hushika hata maji. Nikasema, "Mzee, tumuulize mwenye kutuma salamu. Huyo DJ namjua kwa jina na kwa sura, huja kwangu kila wiki. Anaitwa Kakuta."

Nyuma ya mama yake, Ciku akafumba macho.

Sasa mzee Lesiamon aliegemea fimbo yake mbele, akaomba kwa upole sinema iendelee kidogo. Mzee Kinyanjui akabonyeza. Ng'ombe akaweka mguu chini, yule mzee wa theluji akaanza kumwita, na Kakuta juu yake akaita pia. Aliita kwa Kimaasai, kwa mluzi mrefu na neno moja: "Nanyokie! Nanyokie!"

"Hiyo sauti ya kunguruma sikuijua," Lesiamon akasema. "Lakini hiyo mluzi ni ya boma yangu. Na Nanyokie ni ng'ombe ya mama yake." Akanigeukia. "Huyo Kakuta wako ni mtoto wangu. Ako chuo, Nairobi. Anasomea daktari wa ng'ombe."

Sikujua niangalie wapi. Kakuta ninayemjua mimi haendi chuo chochote. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba ile kutafuta mke, na badala yake nimemvua nguo mtoto wa mtu mbele ya baba yake. Ciku baadaye aliniambia kwamba yeye alijua. Alikulia pamoja na Kakuta, alimfichia siri ya kuacha masomo, na macho yote yale aliyonizungushia yalikuwa ya kunisihi nizime sinema. Na mimi nikamkonyeza.

Mzee Lesiamon alipiga simu papo hapo. Aliongea Kimaasai, nami nikaambulia neno moja tu, televisheni. Ciku akanitafsiria chini chini: anamuuliza daktari yuko wapi, daktari anasema yuko darasani. Siku ya Jumapili. Mzee akamwambia, nimesikia yote nyumbani kwa Kinyanjui, kuja. Kisha akakata simu na kuomba chai.

Hiyo chai tuliinywa kama watu waliofiwa. Niliomba ruhusa ya kuondoka, nikakatazwa. Mama Mugure alinipa mkate, na hakunitazama usoni wakati ananipa.

Kakuta alifika kwa pikipiki kutoka Isinya, ambako kumbe alikuwa mshereheshaji wa harusi. Aliingia amevaa koti linalometameta, la rangi ya magamba ya samaki. Alimwendea baba yake moja kwa moja, akainamisha kichwa ili kiguswe, kama kijana wa Kimaasai anavyomwamkia mzee. Mkono haukuja. Akabaki ameinama hivyo hivyo, kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja, kwa Kiswahili, ili nyumba nzima isikie na mashahidi wawepo.

"Papa, ni ukweli. Nanjala ni wangu. Junior ni wangu. Sikumtupa, namtumia kila mwezi, nilikuwa natafuta siku ya kukuambia. Hata kwenye sinema nimesema ni baraka. Nisamehe."

"Mimi nilikuita juu ya chuo," mzee Lesiamon akasema.

Kakuta akainua kichwa. Akamwona Ciku, akamwona mama Mugure, na mwishowe akaniona mimi na kofia yangu kwenye goti. Alielewa kwamba alikuwa ameungama kesi ambayo hakuna aliyemshtaki.

Mimi nami nilikuwa na yangu ya kuelewa. Kwa hiyo hakuna dereva. Hakuna Juba. Huyu mtu alikuwa anakuja dukani kwangu kila wiki, anakunywa soda yangu, anambeba Junior mabegani, na mimi namsifu kwamba anapenda watoto. Nilitaka kumkaba. Nilitaka pia kumkumbatia, maana sasa kila mtu alikuwa amesikia: Sydney hana mke Embulbul. Nilichagua kukaa tu, kwa sababu ya suruali.

Mzee Kinyanjui alicheka kwanza. Alicheka akashika mbavu, akaja kunipa mkono, akaniita mwanangu. Akasema sinema imefanya kazi kubwa, imetafuta ng'ombe ikapata mtoto. Mama Mugure akanitazama usoni sasa, akanimiminia chai nyingine, akaniongezea kipande cha mkate kilichopakwa siagi pande zote mbili. Ciku akaja akasimama nyuma ya kiti changu, na nikasikia mkono wake begani. Hata mzee Lesiamon, baada ya kumwacha mwanawe ameinama muda wa kutosha kumfundisha, alimwekea mkono kichwani. Kisha akauliza, kwa furaha ya mtu aliyegundua ana mjukuu, kama huyo Junior anapenda maziwa.

Kakuta akatoka nje kumpigia Nanjala. Mimi nikajiona nimevuka mto.

Ni mama Mugure aliyekaa chini ghafla, chupa ya chai mkononi.

"Baba Ciku," akasema. "Huyu Kakuta ni mimi nilimnyonyesha."

Mzee akaacha kucheka.

Nikasimuliwa ndipo nami nikaelewa. Mamake Kakuta aliugua sana baada ya kujifungua, na mama Mugure, aliyekuwa na Ciku mchanga, aliwaweka wote wawili kifuani mpaka mwenzake alipopona. Ziwa moja, huyu upande huu, yule upande ule. Ndiyo maana mzee Lesiamon anaitwa baba katika nyumba ile, na ndiyo maana Ciku na Kakuta hawajawahi kuitana kwa jina lingine ila ndugu na dada. Wazee walichinja kondoo juu ya jambo hilo, wakala pamoja, na hakuna aliyewahi kulitania tena.

"Kakuta ni mtoto wa hii nyumba," mzee Kinyanjui akasema. "Akioa dada yako, wewe na Ciku ni mashemeji. Sisi hatuchukui msichana kwa boma moja na kurudisha mwingine hapo hapo. Hiyo si ndoa, hiyo ni kubadilishana mbuzi." Akanigeukia, na nikaona alikuwa anaomba nimpinge. "Kwenu inasemwaje?"

Ningeweza kudanganya. Alikuwa mzee wa Kikuyu, Bungoma hajawahi kufika. Lakini nilimwona bibi yangu akiingia kwenye mahindi ya watu.

"Kwetu pia haifanyiki, mzee," nikasema. "Ndugu wawili hawaingii nyumba moja."

Mkono wa Ciku ukabaki begani pangu, lakini ukawa mzito. Mzee Lesiamon akasema kwa sauti ya chini kwamba ndoa hizi mbili haziwezi kwenda pamoja, na kwamba moja kati yake tayari iko na mtoto. Mama Mugure alikuwa analia bila kujificha, mama aliyecheka na sinema yangu muda mfupi uliopita.

Simu yangu ikalia pale mezani. Ilikuwa Nanjala. Mzee Kinyanjui mwenyewe aliibonyeza, akaweka sauti ya nje, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa tena na siri ya kulinda.

"Kaka," akasema, na nilisikia alikuwa amelia. "Kakuta ameniambia baba yake amejua, na amemgusa kichwa. Tangu Junior azaliwe nimekudanganya, nimemdanganya mama, nimedanganya watu wa kanisa. Leo ndio nimepumua. Lakini nimemwambia siendi kwao bila wewe. Baba hayuko, wewe ndiye baba. Uniambie sasa hivi, ukiwa hapo na hao wazee. Umekubali?"

Mzee Kinyanjui alitazama sakafu. Ciku alizunguka kiti akaja mbele yangu ili nimwone vizuri, na hakunisaidia kwa neno wala kwa kichwa. Na kwenye simu nikamsikia Junior akimuuliza mama yake kama huyo anayenyamaza ni anko Sydney.